Mazoezi hakosi, lakini mizani imegoma kwenye kilo 81 wiki ya saba sasa

KochaDunga (Kisumu)

Hamjambo wadau. Kuna mteja ninayemsimamia mazoezi na nahitaji macho ya wengine. Ni mama wa miaka 38, kimo sentimita 163. Alianza na kilo 92, na kwa miezi saba akashuka hadi 81. Tangu hapo wiki saba zimepita na mizani haisongi: 81.2, 80.8, 81.5, 81.0, ni hapo hapo.

Ratiba yake: siku nne kwa wiki anatembea kwa kasi kilomita 6, kama dakika 55, na siku mbili kati ya hizo anapanda barabara ya vilima vya Riat. Saa ya mkononi humwandikia kalori 420 kila safari. Mazoezi ya kubeba uzito hatujaanza. Kazi yake ni ya ofisini, anaenda na kurudi kwa tuktuk. Nampima kila Jumatatu asubuhi.

Chakula anaandika kwenye daftari, na hesabu inatoka karibu kalori 1,500 kwa siku. Asubuhi chai ya maziwa na mayai mawili au viazi vitamu. Mchana ugali, mboga za kienyeji, samaki au omena (dagaa). Jioni ugali kidogo na ndengu au maharagwe. Soda na mandazi aliacha. Hana sukari wala presha.

Sasa anataka kutembea siku zote saba, na jirani yake amemshauri aache ugali kabisa. Mimi naona akiongeza siku atachoka tu, lakini sina hesabu ya kumwonyesha. Mngeanzia wapi?

LisheKakamega

Kocha, anza na mizani kabla hujafika kwenye sahani.

Kumpima Jumatatu kunanitia shaka. Wikendi huku kwetu ni siku za matanga, harusi na wageni. Mtu akila wali, chapati na nyama yenye chumvi Jumamosi na Jumapili, Jumatatu amebeba maji. Wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini hukaa pamoja na maji, gramu moja ya wanga kwa takriban gramu tatu za maji, na chumvi nayo huongeza yake. Kilo moja hadi mbili zinaweza kuja na kuondoka hivyo bila hata gramu 100 za mafuta kubadilika. Siku za kabla ya hedhi hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo apime kila siku asubuhi, akishatoka msalani, kabla ya kunywa kitu, akiwa na nguo nyepesi zile zile. Namba ya siku moja usiiangalie. Jumlisha saba, gawa kwa saba, kisha linganisha wastani na wastani. Na kwa mwanamke, ulinganishe wiki ya mzunguko na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita.

Mizani ikae kwenye sakafu ngumu, si juu ya mkeka wala zulia. Ukitaka kujua kama inasema kweli, pima jerikani tupu, kisha itie lita 20 za maji ulizozipima kwa chupa ya lita moja. Tofauti iwe kilo 20. Mizani za mtaani za kulipia msiziamini, hasa akipima leo hapa na kesho pale.

Halafu kiuno. Utepe upite katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mwisho wa kutoa pumzi ya kawaida, bila kuvuta tumbo ndani. Kiuno kikipungua sentimita moja na kilo zikikaa palepale, hajakwama. Wastani ukilala kwa wiki nne na kiuno kikilala pia, hapo ndipo tuseme amekwama. Wiki saba zako zinaelekea huko, kwa hiyo nakuandikia kana kwamba amekwama kweli.

Hesabu sasa. Kanuni ya Mifflin ya mwaka 1990, ya kukadiria kalori ambazo mwili hutumia ukiwa umetulia, kwa mwanamke ni hii: 10 mara kilo, jumlisha 6.25 mara sentimita za kimo, toa 5 mara umri, toa 161. Alipokuwa na kilo 92 mwili wake ulitumia karibu kalori 1,590 akiwa ametulia. Akiwa na 81 ni karibu 1,480. Tofauti ni 110, na bado hatujagusa mwendo. Kutembea kilomita moja kwenye tambarare hugharimu takriban nusu kalori kwa kila kilo ya mwili, ukiacha ile ambayo angetumia akiwa ameketi. Kilomita 6 kwa kilo 92 ni 276, kwa kilo 81 ni 243. Barabara ni ile ile na jasho ni lile lile, ila malipo yamepungua.

Mtafiti wa Marekani Kevin Hall na wenzake walikadiria mwaka 2016 kwamba kila kilo inayopotea hupunguza matumizi ya mwili kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, na wakati huo huo hamu ya kula hupanda kwa karibu 100 kwa siku. Hiyo ya pili ndiyo inayowashinda watu wengi. Yule mama amepoteza kilo 11. Mwili wake unamvuta kwenye sufuria kwa nguvu ambayo hakuwa nayo mwezi wa kwanza, na inatokea bila yeye kujua: kijiko kinaongezeka hapa, tonge moja pale. Usimlaumu. Mwambie waziwazi kwamba hiyo njaa ni ya kweli.

Kwa kasi aliyoshuka, kilo 11 katika wiki 30, pengo lake lilikuwa wastani wa kalori 400 kwa siku. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Ukitoa kilo 11 mara kalori 25, katikati ya zile 20 na 30, kalori 275 za pengo hilo zimejifunga zenyewe. Zilizobaki humezwa na vijiko viwili vidogo vya mafuta na sukari ya chai. Amefika mahali ambapo anachokula sasa kinatosha kumtunza alivyo.

Na hapo ndipo daftari la 1,500 linapokataa. Mwanamke wa kimo hicho, anayekaa ofisini na kutembea mara nne, hutumia karibu 2,100 hadi 2,200 kwa siku. Angekuwa anakula 1,500 kweli, wiki saba zisingepita bila kushuka. Mwaka 1992 huko Marekani watu waliosema wamekwama walipimwa kwa njia za maabara, na ikaonekana waliandika karibu nusu tu ya walichokula: walipunguza kwa asilimia 47. Hawakuwa waongo. Macho hayajui kupima mafuta.

Mafuta ya kupikia ndiyo ya kwanza kupima. Kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120, na hakuna anayekiandika kwa sababu hakionekani kwenye sahani. Weka chupa ya mafuta juu ya mizani ya jikoni kabla ya kupika, uiweke tena baada ya kupika. Gramu zilizopungua mara 9 ndizo kalori zilizoingia. Kwa samaki wa kukaanga, pima karai na mafuta yake kabla na baada. Samaki watatu wakitoka na mafuta yamepungua gramu 60, kila ngege (tilapia) amebeba karibu gramu 20, yaani kalori 180 juu ya nyama yake. Zilizoruka pembeni ni kidogo. Ngege huyo huyo akichemshwa na nyanya, kitunguu, dania na ndimu, hana hata moja ya hizo.

Ugali nao upimwe, usifukuzwe. Unga mkavu gramu 500 ni kalori kama 1,800. Songa kama kawaida, kisha pima ugali wote uliotoka. Ukiwa gramu 1,400, kila gramu 100 ni kalori 130. Kipande anachokiita kidogo mara nyingi ni gramu 400, yaani 520. Akila 250 ni 325. Mboga za osuga (mnavu), dek (saga) au apoth (mrenda) zijaze nafasi iliyobaki.

Chai hesabu hii: kikombe cha mililita 300, nusu maziwa, vijiko viwili vya sukari vilivyorundikwa, ni karibu kalori 145. Vikombe vitatu ni 435. Maziwa yakiwa robo na sukari kijiko kimoja kilichosawazishwa, kikombe ni 65. Hapo tu zimerudi 240, bila kugusa ugali wala mguu.

MazoeziMenengai (Nakuru)

Lishe amemaliza upande wa jiko, nami naingia upande wa miguu. Siku saba, hapana.

Kwanza hiyo saa. Kalori 420 ni pamoja na zile ambazo mwili ungetumia akiwa kitandani; kwa dakika 55 ni kama 55. Na hata ukizitoa, saa hizi hukosea sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima aina saba za saa za mkononi mwaka 2017: iliyokuwa bora zaidi ilikosea kalori kwa wastani wa asilimia 27, mbaya zaidi kwa asilimia 93. Kwenye tambarare chukua 240 ya Lishe. Kwa Riat, ongeza takriban kalori 80 kwa kila mita 100 anazopanda kwenda juu kwa uzito wake. Kushuka usihesabu. Na akiwa anakula kile ambacho saa imemwambia ameunguza, umeshapata nusu ya shida yako.

Pili, mwili huficha. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walipima nishati inayotumiwa na Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, watu wanaowinda na kuchimba mizizi na kutembea kutwa. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, jumla ya kalori za siku ilikaribiana na ya Wamarekani wanaokaa ofisini. Ukimwongezea mtu mazoezi, mwili hukata kwingine. Kwa mteja wako angalia saa zile 23 ambazo humwoni. Anaporudi kutoka Riat, je, anaketi hadi usiku? Anamtuma mtoto dukani? Mpe simu ihesabu hatua siku za mazoezi na siku za mapumziko, kando na matembezi yenyewe. Hatua 1,000 kwake ni kama mita 700, karibu kalori 28. Zikipungua 4,000 kwa sababu amechoka, kalori 110 zimeondoka kimyakimya. Hizo ni karibu nusu ya matembezi ya siku nzima.

Kwa hiyo badala ya siku tatu zaidi, ashuke kwenye tuktuk kilomita moja kabla ya ofisi na atembee, asubuhi na jioni. Siku tano, kilomita 10 kwa wiki, kalori 400, na wala hachoki kiasi cha kulala mchana. Simu ya ofisini aipokee akiwa amesimama.

Tatu, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: miezi tisa ya kutembea bila kubeba uzito ni kosa, Kocha, na ulirekebishe wiki hii. Mtu akipungua kwa kutembea na kula kidogo pekee, sehemu ya kilo zinazoondoka ni misuli. Watu husema misuli huunguza mafuta usiku kucha. Si hivyo, kilo moja ya misuli iliyotulia hutumia kama kalori 13 kwa siku, ya mafuta kama 4.5. Kinachotakiwa ni kuizuia isiondoke, magoti na mgongo viwe na nguvu, na kila kilo itakayoshuka iwe ya mafuta.

Vyuma havihitajiki. Jerikani ya lita 10 ina kilo 10 za maji na huongezwa lita moja moja, kitu ambacho hata jimu nyingi hazina. Siku mbili kwa wiki, zisifuatane, kwa mpangilio huu:

Skwati, akiwa amekumbatia jerikani kifuani: seti 3 za mara 8 hadi 12. Akae nyuma kama anayetafuta kigoda, visigino visinyanyuke. Anza na lita 5.

Kuinua kutoka chini, jerikani mbili pembeni, mgongo umenyooka, nyonga zirudi nyuma: seti 3 za mara 8.

Kuvuta jerikani moja hadi ubavuni, mkono wa pili umeegemea benchi: seti 3 za mara 10 kila upande.

Presapu mikono ikiwa juu ya meza imara, kisha benchi, kisha chini: seti 3, akomee akiwa bado anaweza mbili zaidi.

Kutembea mita 40 na jerikani mbili zilizojaa, mara 3. Hili liwe la mwisho.

Apumzike dakika moja na nusu hadi mbili kati ya seti. Akifika mara 12 kwa seti zote tatu bila mgongo kupinda, tia lita moja. Jerikani isiyojaa hucheza, maji yanavuta huku na kule, kwa hiyo mfuniko ukazwe na mwendo uwe wa polepole.

Mwonye mapema: wiki mbili au tatu za kwanza mizani itapanda, nusu kilo hadi moja. Misuli inayojirekebisha hushika maji. Wengi huacha hapo, wakidhani jerikani imewanenepesha. Ndiyo maana utepe wa kiuno uanze kabla ya jerikani.

Ratiba iwe matembezi matatu, jerikani mbili, siku mbili za kupumzika ila hatua ziendelee.

RunnaLanet

Dawa ni kufunga saa 16 kila siku, ale kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku. Mbona mnazunguka?

LisheKakamega

Ndugu, kufunga kunamsaidia mtu ambaye kifungua kinywa chake kilikuwa kikubwa au anayetafunatafuna usiku, kwa sababu kunaondoa mlo. Kalori za siku zikibaki zile zile, uzito haubadiliki. Kwa huyu mama mayai mawili ya asubuhi ndiyo mlo wake bora. Ukiyaondoa, utaongeza tonge za jioni.

AfisaTabibu_Busia

Kocha, kabla hamjabadilisha chochote, kuna maswali matatu ya kumwuliza, na ayajibu kwa faragha.

La kwanza, dawa. Sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu huwaongeza uzito baadhi ya wanawake. Wale walioongezeka zaidi ya asilimia 5 katika miezi sita ya kwanza ndio mara nyingi huendelea kuongezeka. Prednisolone hufanya hivyo, pia amitriptyline, olanzapine, valproate, insulini na glibenclamide. Dolutegravir, iliyomo katika dawa za ARV zinazotumika sana nchini, imeonekana kuongeza uzito, hasa kwa wanawake. Kupata jina kwenye orodha hii si ruhusa ya kuacha dawa. ARV hasa haziachwi hata siku moja kwa ajili ya kilo. Aende kliniki anakohudumiwa, aulize kama kuna mbadala. Kwa sindano ya uzazi, tarehe ijayo ikifika ndipo abadilishe njia, asikae katikati bila kinga.

Nimesoma kwamba hana sukari. Kwa wateja wako wengine walio nayo na wanaotumia insulini au glibenclamide: ukipunguza ugali na kuongeza mazoezi bila kipimo cha dawa kupunguzwa, sukari inaweza kushuka hadi mtu azimie njiani. Hao waonane na daktari kwanza, na watembee na glukosi au pipi mfukoni.

La pili, dalili. Baridi inayomsumbua kuliko wenzake, choo kigumu, ngozi kavu, uchovu usioisha na hedhi nzito: apimwe TSH, kipimo cha tezi ya shingo. Hedhi inayoruka miezi pamoja na nywele za kidevuni: azungumze na daktari kuhusu homoni na ovari. Mtu anayekoroma sana na kusinzia mchana naye achunguzwe. Ila nikuambie ukweli wa kliniki: tezi ikiwa ndiyo chanzo, mtu huwa anaongezeka taratibu pamoja na dalili hizo. Aliyeshuka kilo 11 vizuri kisha akasimama, mara nyingi chanzo ni ile hesabu ya hapo juu.

Kilo zikiruka mbili au zaidi kwa siku chache, miguu ikivimba hadi kidole kinaacha shimo, au pumzi ikimkata akilala chali, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo. Msibadilishe ratiba mkisubiri.

La tatu, chai za kupunguza tumbo na vidonge vinavyouzwa kwa simu. Uliza bila kumwaibisha. Nyingi za chai hizo zina majani ya sena, yanaharisha. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili. Vidonge vingine vimewahi kukutwa na sibutramine ndani bila kuandikwa. Dawa hiyo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari kwa moyo.

Jambo moja la kumtia moyo. Ameshapoteza asilimia 12 ya uzito. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa karibu kupata kisukari waliwekewa lengo la kupungua asilimia 7 na kutembea dakika 150 kwa wiki, na hatari yao ya kisukari ikashuka kwa asilimia 58. Amepita lengo hilo. Akibaki 81 mwaka mzima, bado mwili wake umefaidika, na anastahili kulisikia hilo kutoka kwako.

KochaDunga (Kisumu)

Nimesoma yote, asanteni. Nimepata majibu ya kwanza. Dawa hana, dalili hana, chai ya sena aliitumia wiki mbili mwezi uliopita na ameacha. Mafuta: nyumba ina watu wanne, na lita moja inaisha kwa siku sita. Ugali wake wa jioni, ule mdogo, umepimwa mara mbili: gramu 380 na 410. Hatua zake siku za Riat ni pungufu kwa karibu 3,000 kando na matembezi. Chai vikombe vitatu, kimojawapo cha saa kumi ofisini ambacho hakikuwa daftarini.

Nikipiga hesabu ya mafuta napata lita moja gramu 920, mara 9 ni 8,280, gawa kwa siku sita na watu wanne, 345 kwa mtu kila siku. Daftarini aliandika 90. Je, nipunguze vyote kwa pamoja?

LisheKakamega

Hesabu yako ni sawa. Usipunguze vyote. Akikatiwa kalori 700 kwa mpigo ataona njaa, ataharibu Jumamosi moja na kukata tamaa. Chukua mambo mawili tu.

Mafuta: lita moja ikae siku 12. Mpikaji apime kwa kijiko, asimimine kutoka kwenye jagi. Vijiko vikubwa viwili kwa sufuria ya mboga ya watu wanne vinatosha. Omena ioshwe kwa maji moto mara mbili tatu, ikaushwe kwenye sufuria bila mafuta hadi isikike ikigongana, ndipo utie kitunguu, nyanya na vijiko viwili vidogo vya mafuta. Ikitumbukizwa mbichi kwenye mafuta mengi huyafyonza yote, na hata haikauki vizuri. Nyumba nzima inafaidika, kwa hiyo hakuna kupika sufuria mbili. Hapo ni karibu 170 kwake.

Chai: kama nilivyoandika, 240 kwa siku.

Jumla 410. Hata akikosea robo yake, zinabaki 300, kama robo tatu ya pengo alilokuwa nalo. Tarajia karibu gramu 270 kwa wiki, si zaidi. Kwa kuwa jerikani zitashika maji, wastani wa mizani huenda usiseme kitu hadi wiki ya nne.

Ugali ubaki kama ulivyo kwa sasa. Huo ni hatua inayofuata, akikwama tena akiwa 77 au 76, na atakwama. Ukitumia kila kitu leo utakuwa huna cha kuvuta wakati huo.

Badala yake ongeza protini, kwa sababu ndiyo inayoshibisha na ndiyo itakayolinda misuli ya MazoeziMenengai. Lengo ni gramu 1.2 kwa kila kilo, kama 97 kwa siku. Mayai mawili ni 12. Omena kavu gramu 30, takriban 17. Ngege gramu 150 za nyama bila mifupa, 30. Ndengu zilizopikwa kikombe cha gramu 200, 14. Maziwa mala mililita 250, 8, na hayo yachukue nafasi ya chai ya saa kumi. Zilizobaki zinatoka kwenye ugali na mboga. Mara nyingi mtu wa Kisumu aliyezungukwa na samaki hula kipande cha mkia na mchuzi mwingi, ugali ukabeba mlo mzima. Geuza.

Wikendi: siku tano zenye pengo la 300 ni 1,500. Siku mbili za kuzidisha 750 zinalifuta lote, na mtu hatajua kwa nini. Kwenye matanga asikatae chakula, si heshima. Achukue nyama na mboga kwanza, kisha wali au chapati, kimoja kati ya hivyo. Chapati za nyumbani, unga kilo moja na mafuta mililita 150, zikitoka 12, kila moja ni kalori 400.

Mwanabungoma

Samahani kuingilia. Na ugali wa wimbi au mtama na muhogo je? Kwetu tunaambiwa huo haunenepeshi, na mimi nimekuwa nikila bila kipimo.

LisheKakamega

Ndugu, unga mkavu wa mahindi, wimbi, mtama au muhogo, gramu 100 zote ziko kati ya kalori 320 na 365. Tofauti ni ndogo kuliko kijiko kimoja cha mafuta. Wimbi na mtama usiokobolewa vina nyuzinyuzi zaidi ya sembe, kwa hiyo wengi hushiba mapema, na wimbi ina kalsiamu nyingi sana. Hizo ni sababu nzuri za kuula. Muhogo una protini kidogo mno, usiache samaki au ndengu ukiula. Lakini bila kipimo, hapana. Pima unga kwa gramu kabla haujaingia kwenye maji, kwa sababu ugali huu husongwa mgumu au mwepesi kutegemea mpishi, na ngumi moja ya kwenu na ngumi moja ya jirani hazina unga sawa.